Umemgonga? Msubiri. Adabu za mbio za magari ya rimoti kwa anayeanza

Watu wengi wakija klabu mara ya kwanza swali lao ni moja tu, gari gani inakimbia zaidi na bei gani, afu wanakaa miezi mitatu wanabadilisha mota wanabadilisha tairi na bado wanashangaa kwa nini hakuna anayefurahi kupangwa nao hiti moja, yaani kundi moja la kukimbia pamoja. Kasi utaipata tu jamani, mazoezi yanaileta. Ila kitu ambacho watu wa klabu wanakuangalia tangu siku ya kwanza ni vitu viwili, unafanya nini zile sekunde chache baada ya kumgonga mwenzako, na unafanya nini zile dakika tano ukiwa umesimama mashali, yule anayekaa kona kugeuza magari yaliyopinduka. Hivyo viwili ukivishika, hata ukimaliza wa mwisho kila wiki watu watakupa spea, watakuonyesha setapu zao, watakupigia simu usipoonekana. Mi nazungumzia magari ya umeme ya saizi ya 1/10, yaani moja ya kumi ya gari halisi, kwenye traki ya vumbi maana ndiyo nayoijua, wale wa 1/8 ya mafuta mambo yao ni yaleyale, wameongeza kelele na uzito tu.

Tuanze nyumbani kabla hujafunga begi. Betri. Betri ya LiPo (lithiamu polima) ya seli mbili imeandikwa volti 7.4 lakini ikijaa inafika 8.4, yaani 4.2 kila seli, na hapo ndo mwisho. Chaji ndani ya mfuko usioshika moto, usiiwashe chaja afu ukaenda kununua chipsi, iliyovimba usije nayo kabisa hata kama "bado inapiga kazi". Utasema hayo ni mambo ya betri siyo adabu, lakini meza zetu zimebanana, betri yako ikiwaka inaanza kula begi la jirani yako. Na umeme wenyewe ujue ni wa kuchangia, siku ukikatika tunaishi kwa jenereta moja, kwa hiyo ukichomeka chaja tatu na feni na chuma cha kuchomelea risasi kwenye ekstensheni moja unazima piti nzima, pale penye meza zetu, na watu wana hiti dakika kumi zijazo. Uliza kwanza, "jamani hii soketi ina nafasi?", inatosha.

Rimoti inawashwa kwanza, gari baadaye. Kuzima ni kinyume, gari kwanza afu rimoti. Ukikosea mpangilio gari inaweza kuondoka yenyewe ikiwa mezani, nimeona inaruka mpaka kwenye mguu wa mama aliyekuja kumwangalia mwanae. Na weka ile setingi ya kwenye risiva (kipokezi cha rimoti ndani ya gari) inayopiga breki gari ikipoteza mawasiliano, ijaribu palepale, inua gari magurudumu yawe hewani, zima rimoti, uone magurudumu yanasimama au yanaendelea kuzunguka. Wazee watakwambia zamani enzi za rimoti za kristali za masafa ya 27 MHz watu wawili wakiwa na chaneli moja mmoja akiwasha anamwangushia mwenzake gari katikati ya mbio, ndo maana kulikuwa na ubao wa vibanio, huna kibanio cha chaneli yako huwashi. Siku hizi 2.4 GHz imemaliza hilo tatizo ila ile tabia ya kuuliza kabla ya kuwasha ilikuwa nzuri sana na imepotea.

Sasa kujiandikisha. Jiandikishe daraja lako la kweli. Kama umeshashinda daraja la wanaoanza mara kadhaa, panda juu, usikae chini unakula vikombe vya watoto. Na gari iwe ya daraja hilo kwelikweli, mfano sisi tunakimbiza mota ya 17.5 (idadi ya mizunguko ya waya ndani yake) na spidi kontrola, kile kifaa kinachoipa mota umeme, iwe kwenye modi ya kupepesa taa, ile ambayo taa yake inawaka inazima inawaka inazima kuonyesha kwamba hujaongeza taimingi, ule ujanja wa kuipa mota kasi zaidi, kwa programu. Mkaguzi anaangalia taa, anapima betri, anaweka gari kwenye mizani, anakuruhusu. Lakini mkaguzi ni mtu mmoja na magari ni thelathini, hawezi kuona kila kitu, kwa hiyo kwa kiasi kikubwa tunaaminiana. Ukigundua mwenyewe katikati ya siku kwamba gari iko chini ya uzito, labda umetoa bodi (ganda la juu) nzito umeweka nyepesi, nenda kaseme mwenyewe kabla hujaulizwa. Utafutiwa hiti moja labda. Ukikamatwa bila kusema, kila ushindi wako wa nyuma watu wataanza kuufikiria upya, na hiyo hakuna mtu wa kukufutia. Transponda pia, kile kidude kwenye gari kinachoiambia kompyuta umemaliza lapu (mzunguko), kama umeazima ya mtu mwambie wa kompyuta kabla ya hiti, la sivyo lapu zako zinaenda kwa jina la mtu aliyekaa anakunywa chai.

Wakati wa mazoezi sina mengi. Fuata mwelekeo wa traki, usisimamishe gari kwenye mstari watu wanapopita, gari ikiharibika itoe pembeni, na usishuke jukwaani, pale tunaposimama kuendesha, kwenda kuichukua mwenyewe ukikatiza katikati ya magari. Bagi ya 1/8 (gari ya vumbi ya kuruka) ina kilo tatu na kitu, ikikupata kwenye kifundo cha mguu ikitoka kwenye mruko wiki nzima unachechemea.

Kufuzu na fainali ni vitu viwili tofauti, na hapa ndo wageni wengi wanakosea kwa nia njema kabisa. Kwenye kufuzu huwa tunaachiwa mmoja mmoja, kila mtu anashindana na saa yake, zile dakika tano ni zako na saa. Yule aliye nyuma yako hashindani na wewe. Kwa hiyo akikufikia maana yake ana kasi kuliko wewe kwa muda huo, mpishe, na wewe usipoteze muda kupigana naye maana mnapoteza wote wawili. Kwenye fainali mnashindania nafasi, hapo una haki ya kutetea mstari wako, hulazimiki kumpisha mtu anayegombea nafasi na wewe. Ila kama amekuzidi lapu nzima, mpishe, tena mapema.

Kumpisha nako kuna namna yake. Usifunge breki ghafla katikati ya mstari, hicho ndo kinachosababisha ajali nyingi kuliko ubishi, mgeni anasikia jina lake linaitwa na MC anaogopa anasimama palepale, yule wa nyuma anampanda mgongoni, wote chini. Namna nzuri ni hii: endelea na mstari wako wa kawaida, ukifika kona ya polepole itanue kidogo nje, ondoa kidole kwenye moto (kitufe cha kasi), muachie ndani. Anapita, unarudi, umepoteza nusu sekunde. Na yule anayepita naye aseme mapema upande anaopitia, "napita ndani kaka", kwa sauti ya kawaida, siyo kelele za kumtisha mtoto wa miaka kumi na moja aliyesimama pembeni yake.

Anayepita ndiye mwenye jukumu la kupita salama. Wewe ndo unamuona mbele yako, yeye macho yake yako kwenye njia ya gari yake. Kama wakati mnaingia kona pua ya gari yako haijafika hata katikati ya gari yake, kona ni yake, subiri inayofuata. Kuingia ndani kwa kuchelewa breki ukitegemea ubavu wake ukusimamishe, hiyo siyo kupita, hiyo ni kugonga. Kumfungia njia kwa kuingia ndani kisafi bila kumgusa ni halali na ni kitamu kukiangalia. Kugusana kidogo ubavu kwa ubavu kunatokea, vumbi linateleza, hakuna mtu atakushtaki.

Sasa lile kubwa. Umemgonga, amepinduka, wewe gari yako imebaki kwa magurudumu.

Simama. Sogea pembeni ya mstari ili usigongwe na wengine, na umsubiri. Mashali atakuja, atamgeuza, ataondoka, na wewe ndo unaondoka nyuma yake. Useme "samahani" kwa sauti asikie, neno moja, maelezo baadaye. Ndo hivyo tu, hakuna sheria ngumu kuliko hiyo na hakuna inayovunjwa zaidi, kwa sababu kidole kiko kwenye moto na moyo unakwambia nenda nenda nenda.

Ntawaambia la kwangu. Fainali moja nilikuwa wa pili, nimemkalia wa kwanza mgongoni, wa tatu yuko nyuma sekunde 9 hivi. Nikamgonga kwenye kutua mruko wa pili, tukaenda wote chini. Mashali alikuwa karibu na gari yangu akanigeuza kwanza, nikapoteza kama sekunde 2, nikaondoka. Mwenzangu alikaa chini sekunde 6 nzima. Nikamaliza wa kwanza, nikashuka jukwaani nimefurahi kabisa, msimamizi wa mbio akaniongezea sekunde 10 za adhabu, nikashuka mpaka wa tatu. Nikabisha, nikasema mashali ndo aliyechelewa, siyo mimi. Kuna mzee pale klabuni alikuwa anafanya kazi ya kushika karatasi za muda, akaniita akakaa na mimi na ile karatasi akasema hebu tuhesabu. Kama ungemsubiri, ungekaa hizo sekunde 6 na moja ya juu, wa tatu alikuwa nyuma 9, ungeondoka bado uko mbele yake kwa sekunde 2, ungemaliza wa pili. Sasa hivi uko wa tatu na mwenzako hakusemeshi. Nikaangalia zile namba nikakosa la kusema. Nikamfuata yule jamaa kwenye meza yake, alikuwa anabadilisha mkono wa mbele uliovunjika, nikamwomba msamaha, nikampa mkono wangu wa spea maana yeye alikuwa hana. Tangu siku ile kidole changu kinaachia chenyewe nikigonga mtu, sihitaji hata kufikiria.

Kuna hali ambazo siyo kosa lako. Umegongwa kwa nyuma ukasukumwa ukamgonga wa mbele, hapo aliyeanzisha ndo anasubiri, ila ukisimama na wewe hakuna atakayekulaumu. Mmegongana lapu ya kwanza watu kumi kona moja, hiyo ni rundo, kila mtu aendelee atakavyotoka. Na kama wewe ndo uliyegongwa na mwenzio anakusubiri, ondoka haraka! Watu wanasahau hili, mtu anajivuta huku mwenzake amesimama kwa heshima anapoteza nafasi kwa waliokuwa nyuma. Na ukimaliza ukamwambie asante.

Mashali. Hapa naomba msome polepole.

Utaratibu wa klabu nyingi duniani ni kwamba ukimaliza hiti yako unabaki kuwa mashali wa hiti inayofuata. Hata kwenye mashindano makubwa madereva wenyewe ndo wanaosimama, wenye vikombe na wasio na vikombe, na asiyesimama kuna mahali anafutiwa raundi yake nzuri ya kufuzu. Kwa hiyo ukimaliza mbio weka gari mezani, chomoa betri, nenda kwenye kona yako. Usianze kufungua skrubu, usianze kuangalia muda wako kwenye kompyuta, magari yanasubiri na hiti haianzi kona ikiwa tupu. Kama gari yako imevunjika vibaya na una hiti karibu, tafuta mtu wa kukusimamia kabla, siyo utoweke.

Viatu vya kufunika vidole. Ndala hapana, hata kama ni joto la Februari. Simu mfukoni. Kisahani cha chakula mezani. Simama ukiangalia upande magari yanakotokea, na uangalie kipande chako cha traki, siyo kumfuatilia anayeongoza akizunguka, kwa sababu ukimfuatilia yeye nyuma yako kuna gari iko miguu juu na mwenyewe anaita mpaka sauti inakauka. Gari ikianguka, kwanza angalia kama njia ni salama, ndo uingie. Gari ya mtu haina thamani ya mguu wako, akikupigia kelele uharakishe usimsikilize. Ukisimama kwenye kutua kwa mruko ujue wanaoruka macho yao yako kwenye gari zao, na zikishakuwa hewani hawawezi kukukwepa.

Zikianguka mbili, chukua iliyoanguka kwanza, au ile iliyo kwenye njia inayoweza kugongwa. Usichague ya rafiki yako. Mtu aliye juu ya jukwaa anaona kila kitu, anaona ulivyomruka ukaenda kwa mshkaji wako, na hatasahau. Igeuze, iangalie inakoelekea, iweke chini taratibu ukiielekeza njia sahihi, na uiweke pembeni ya mstari, wakati hakuna anayepita. Usiirushe. Usiisukume kama unamsaidia apate nafasi. Na kazi yako siyo ufundi, gurudumu likiwa limetoka au servo (ile inayokata kona) imekufa, itoe nje ya traki, nyanyua mkono mwenyewe ajue, basi.

Na wewe uliye juu ya jukwaa, gari yako ikiwa miguu juu, ACHIA MOTO. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Mtu ameinama anaweka vidole karibu na gia na magurudumu yenye meno ya mpira, na wewe umebonyeza unamharakisha. Vidole vinakatika ngozi, nimeshashika vitambaa vyenye damu klabuni kwetu na siyo mara moja. Achia, subiri iguse chini, ndo ubonyeze. Ukiita, taja mahali siyo mtu, "mashali, mruko wa pili!" anakuelewa haraka kuliko "we dogo hapo umelala?". Yule dogo amesimama juani kwa ajili yako bila kulipwa. Mbio zikiisha, kabla hujashuka jukwaani, wote tunageuka tunasema asante mashali. Wengine wanaona ni kama nyimbo za shule, mi naona ndo dakika nzuri kuliko zote za siku.

Mdomo wa jukwaani kwa ujumla, mnasimama bega kwa bega watu kumi na kuna watoto. Matusi hapana. Kumlaumu mtu mbio zikiendelea hapana, anashindwa kuendesha na wewe pia unashindwa. Ukiwa na lalamiko, maliza mbio, simama mashali wako, kunywa maji, ndo umfuate msimamizi wa mbio peke yake umwambie nini umeona, kona gani, lapu ya ngapi kama unakumbuka. Akishaamua ameamua, hata kama unaona amekosea, muachie siku iishe. Usiende kwenye meza ya mwenzako ukiwa bado unahema. Na kama ni mkubwa kwako kiumri au ni mtoto wa mtu, ndo kabisa, pitia kwa msimamizi. Kwa video za simu, onyesha msimamizi kwanza kabla hujairusha kwenye grupu la WhatsApp watu wamhukumu mtu aliye njiani anarudi nyumbani.

Wazazi mnaoleta watoto, tunawapenda mno, bila nyie hakuna madereva wa kesho. Naomba moja. Mtoto akiwa anaendesha msimsimamie sikioni "mpite huyo, mpite huyo, kanyaga". Anachanganyikiwa, anagonga, afu analia. Msaidieni kwenye betri na skrubu, na mwambieni akigonga asubiri. Kuna anko na shangazi wengi pale watamsaidia mengine. Na mtoto akiwa mdogo sana kusimama mashali, mzazi asimame badala yake, msipotee kwenda kwenye gari kuwasha kiyoyozi.

Spea na zana. Ukiazima bisibisi ya mm 2 irudishe leo, siyo wiki ijayo, kila mtu ana ile bisibisi yake anayoipenda kama simu. Ukivunja kitu na jirani akakupa kipande chake, hata kama mnagombea nafasi, wiki inayofuata mletee kipya. Kumpa mpinzani spea ni jambo la kawaida kwetu, mgeni akiona mara ya kwanza anashangaa, lakini nani anataka kushinda kwa sababu mwenzake alikosa kipini cha shilingi elfu mbili? Maji ya kumwagia traki kupunguza vumbi, kupanga yale mabomba ya kando, kufagia, kuokota vipande vya plastiki mwisho wa siku, hiyo siyo kazi ya viongozi. Anayekuja saa nne kila kitu kimeshapangwa na kuondoka saa tisa kabla ya kukusanya anaonekana, hakuna anayesema ila anaonekana.

Kama wiki hii ndo mara yako ya kwanza, usihangaike kuhusu kasi ya gari. Njoo mapema na viatu vya kufunika, hata gari usije nayo kama bado hujaimaliza. Mtafute msimamizi, msalimie, mwambie wewe ni mgeni unaomba kona ya kusimama mashali hiti mbili tatu. Atakupa ile kona ya polepole karibu na jukwaa na atakuweka na mtu mzoefu pembeni. Ukiwa pale chini utaona watu wanavyopita, nani anasubiri na nani haondoi kidole, mstari uko wapi, gari zinaangukia wapi, na jioni nusu ya klabu itakuwa inakujua kwa jina kwa sababu uligeuza magari yao.